Maelezo ya mameneja wa hazina: Mshauri wa fedha atazame wapi?

KILA mwezi au kila robo ya mwaka, kampuni zinazosimamia hazina za uwekezaji wa pamoja nchini Kenya hutoa maelezo kuhusu hali ya masoko na jinsi zilivyowekeza pesa za wateja. Maelezo hayo huwafikia washauri wa fedha, ambao nao huyategemea wanapomwelekeza mwalimu, mkulima au mwenye duka kuhusu mahali pa kuweka akiba yake.

Hata hivyo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kampuni inayotoa maelezo ndiyo iyo hiyo inayozitaka pesa za msomaji, na ni nadra kuisikia ikikiri kwamba wakati huu haufai kuwekeza kwake. Mshauri anayenakili aya ya mwisho, ile ya utabiri, na kumtumia mteja, huwa amemtumia tangazo la biashara.

Sehemu yenye manufaa aghalabu hujificha katikati: jedwali la mali ambazo hazina inamiliki, pamoja na wastani wa muda uliosalia kabla ya mali hizo kukomaa.

Yaliyotokea tangu 2024 yanadhihirisha hivyo. Katikati ya mwaka huo, hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, na wateja wakavutiwa na mapato makubwa yaliyotangazwa na hazina za soko la fedha. Agosti, Benki Kuu ya Kenya ikaanza kupunguza kiwango chake cha msingi cha riba, kilichokuwa asilimia 13 tangu Februari. Kufikia katikati ya 2025, hati hizo za siku 91 zililipa takriban asilimia 8.

Hazina mbili zilizotangaza mapato sawa mwanzoni hazikuwa na hatima moja. Iliyojaa hati za siku 91 ililazimika kuwekeza upya kila baada ya miezi mitatu, kila mara kwa riba ya chini zaidi. Iliyoshika hati za siku 364 iliendelea kuvuna riba ya zamani kwa miezi kadhaa. Nayo iliyonunua bondi ya miundomsingi ya Februari 2024, ya miaka minane na nusu na riba ya asilimia 18.46, iliona bei ya bondi hiyo ikipanda riba ya soko iliposhuka. (Riba ingepanda, bei ingeporomoka, jambo hili wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini.) Yote hayo yangeweza kusomwa mapema katika jedwali.

Kisha kuna ushuru. Mapato yanayotangazwa mara nyingi huwa yameshakatwa ada ya meneja, lakini si ushuru wa asilimia 15 unaotozwa riba. Sh100,000 zinazozalisha asilimia 16 humwachia mteja Sh13,600 kwa mwaka. Zikizalisha asilimia 8, humwachia Sh6,800. Mzazi aliyepangia karo kwa hesabu ya kwanza hatamlaumu meneja asiyemjua. Atampigia simu mshauri wake.

Kuhusu sarafu, tahadhari ni ile ile. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban Sh160, huku wengi wakihofia iwapo serikali ingeweza kulipa deni la dola bilioni 2 lililotarajiwa kukomaa Juni. Maelezo yaliyomfaa mshauri ni yale yaliyotaja deni hilo na tarehe yake, yakaeleza kitakachofuata likilipwa na lisipolipwa. Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya deni hilo mapema. Shilingi ikaimarika ghafla. Aliyebadilisha Sh160,000 kwa dola 1,000 mwezi Januari, alipozirudisha katikati ya mwaka alipata takriban Sh129,000, na riba ya miezi sita katika hazina ya dola haikukaribia kuziba pengo hilo.