Kufa Kufaana Si Kuporana

Wazee wetu wana methali fupi isemayo kufa kufaana. Waliitaja kwa masikitiko, wakionyesha jinsi hasara ya mmoja inavyoweza kuwa faida kwa mwingine. Walikuwa wakieleza mambo yalivyo, wala hawakuwa wakitoa ruhusa. Walakini siku hizi twaisikia ikitajwa kwa kicheko, gari linapopinduka barabarani au duka linapoungua, na watu wakapita na magunia na madumu vichwani kana kwamba methali ni fatwa. Kwa hiyo imetupasa tuwaeleze wazazi na vijana hukumu ya jambo hili, kwa sheria ya nchi na kwa sheria ya dini. Na msomaji ataona kwamba hapa hizo mbili zashika njia moja.

YALIYOTOKEA MSAMVU

Tarehe 10 Agosti 2019, Idi ya Kuchinja ikiwa mlangoni, gari la kuchukua petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu na ndoo kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Mara moto ukalipuka. Waliokufa, papo hapo na baadaye hospitalini, walizidi 100, na taifa likaomboleza siku tatu.

Hatuyataji haya ili kuwahukumu marehemu. Hesabu yao iko kwa Mola wao, na wengine hawakuwa na dumu mkononi bali walikuwa wapita njia tu. Twayataja kwa kuwa si mara ya kwanza. Huko Sachangwan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea kwa namna hiyo hiyo. Na Sange, mashariki ya Kongo, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 200. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho, nao hutambaa chini chini mbali na gari lenyewe. Cheche moja ya betri, ya sigara au ya pikipiki yatosha.

Wala msomaji wa Shinyanga au Geita asiseme kwamba mambo haya ni ya mbali. Isaka, katika Wilaya ya Kahama, ni bandari ya nchi kavu. Shehena za Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo, na malori huifuata barabara ya Kahama na Masumbwe hadi Nyakanazi na Rusumo, usiku na mchana. Siku lori moja litakapoanguka mbele ya kijiji chetu, vijana wetu watafanya nini? Jibu la swali hilo yafaa litayarishwe nyumbani mapema, kwani siku ya ajali hapana anayepata nafasi ya kufikiri.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Wengine hudhani kwamba kitu kilichoanguka njiani kimekwisha kuwa cha kila mtu. Sivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, yasema kwamba mwenye kuchukua kitu cha mwenziwe kwa hila, bila ya kuwa na haki nacho, ameiba. Haikusema kwamba mwenyewe lazima awe mzima, au awe amesimama hapo akitazama. Dereva aliyezimia katika kiti chake ana haki ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa akiendesha.

Adhabu ya wizi wa kawaida yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Lakini sheria imezidisha uzito mahali ambapo mali haiwezi kujilinda. Mwenye kuiba shehena iliyo safarini, katika gari au chombo, aweza kufungwa hadi miaka 10. Mporaji akitumia nguvu au akimtisha mtu, jambo limekuwa unyang'anyi. Na akiwa na silaha, kifungo hakipungui miaka 30. Tena yule aliyebaki nyumbani akanunua sukari ya ajali kwa bei ya kutupa, naye akijua ilikotoka, ana kosa lake peke yake la kupokea mali ya wizi. Haimwokoi kusema kwamba yeye hakufika barabarani.

Hapo kijana huuliza: Je, na kitu cha kuokota? Sheria imempa mwokotaji nafasi, nayo ni nyembamba. Haimhesabu kuwa mwizi ikiwa, wakati wa kukiokota, hakumjua mwenyewe, na alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Basi na tutazame: lori lina namba mbele na nyuma, mlango wake umeandikwa jina la kampuni, na dereva yuko hapo chini anaugulia. Ni nani atakayesema mbele ya hakimu kwamba hakujua wa kumuuliza?

SHERIA YA DINI YASEMAJE

Katika Uislamu kitu cha kuokota huitwa lukata. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwokotaji akitazame vizuri chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima, ili mwenyewe akija akieleze na kukipata. Ikiwa mfuko mmoja ulioanguka njiani watangazwa mwaka mzima, je, shehena ambayo mwenyewe anajulikana itahalalika kwa nusu saa?

Ama kupora hadharani, kumetajwa kwa jina lake. Ubada bin Samit (R.A.) amesimulia kwamba katika ahadi walizompa Mtume lilikuwamo hili, kwamba hawatapora. Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyowekwa pamoja na misingi mikubwa ya dini tangu siku za mwanzo.

Wako wasomao kidogo wakasema kwamba mporaji hakatwi mkono, kwa hiyo dhambi yake ni nyepesi. Ni kweli kwamba wanazuoni wamepambanua baina ya mwizi, aingiaye kwa siri mahali palipohifadhiwa, na mporaji anyakuaye mbele za watu. Hadi imewekwa kwa yule wa kwanza. Lakini huyu wa pili hakuachiwa. Juu yake iko taaziri, yaani adhabu aionayo kadhi kuwa inafaa, na juu yake iko dhamana: atarudisha kitu chenyewe, na ikiwa amekila atalipa thamani yake. Toba yake haitimii kwa istighfari peke yake, kwani haki ya mja haifutwi kwa ulimi.

Na udogo wa kitu si udhuru. Baada ya vita vya Khaybar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, mtumishi mmoja wa Mtume alipigwa mshale akafa. Watu wakaona ni bahati njema kwake, kwamba amepata kufa shahidi. Mtume akawakataza, akawaambia kwamba nguo aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaleta ukanda wa kiatu aliokuwa ameuficha. Ikiwa mwenye kufa vitani hakusamehewa nguo moja, sembuse sisi na madumu yetu?

WALIO CHINI YA ARDHI

Katika nchi yetu hii ya dhahabu kuna msiba wa namna nyingine, nao ni duara kuporomoka. Matimba yakikatika, watu hufukiwa, na juu hubaki mifuko yao ya mawe, nguo zao, simu zao na pikipiki zao. Hapo moyo wa binadamu hujaribiwa. Mmoja hukimbilia sururu ili afukue. Mwingine hukimbilia mfuko wa mawe ili aupeleke kwenye karasha.

Yakumbukwe ya Nyangalata, katika Wilaya ya Kahama. Mwezi wa Oktoba 2015 duara liliporomoka, na wachimbaji wakabaki chini. Siku zikapita, wiki zikapita, na wengi wakakata tamaa. Baadaye sauti zao zikasikika, na tarehe 15 Novemba watano wakatolewa wakiwa hai, baada ya siku 41 gizani. Tena mwezi wa Januari 2017, katika Mkoa wa Geita, watu 15 waliofukiwa mgodini waliokolewa wote baada ya siku tatu. Basi mwenye kuugawa mfuko wa mtu aliyefukiwa aweza kuwa anagawa mali ya mtu aliye hai, anayemwomba Mungu chini ya miguu yake. Na kama amekwisha kufa, mali ile ni ya warithi, na huenda wamo mayatima. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, imewaonya wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wajaza moto matumboni mwao.

MISAADA NAYO NI AMANA

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe iliipiga Mwakata, huko huko Kahama, ikaua watu zaidi ya 40, ikaangusha nyumba na kuua mifugo. Nchi nzima ikaona huruma, na misaada ikatolewa. Chakula, blanketi na mabati ya namna hiyo vina wenyewe, nao ni wale waliopatwa. Mwenye kujiandikisha naye hakupatwa, au mwenye kuandikisha jamaa zake kwa kuwa kalamu iko mkononi mwake, ni mporaji kama yule wa barabarani, ila huyu amevaa shati safi.

Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17, Rais aliwaondoa kazini baadhi ya watumishi wa serikali mkoani, kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya kuchangia maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hadi kijijini, ili pawe na wa kuulizwa.

MWENYE NJAA JE?

Tutaulizwa: Na fukara mwenye watoto wenye njaa? Swali hili ni la haki. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, ukame mkubwa ulipoipata Madina na jirani zake, Sayyidna Umar (R.A.) alisimamisha hadi ya wizi. Lakini hakuishia hapo. Aliagiza chakula kutoka Shamu, naye mwenyewe akajizuia asile vizuri mpaka watu washibe. Kwa hiyo anayeshika mfano wa Umar na aushike wote: walio na kitu wawalishe wasio nacho kabla njaa haijawatoa nje. Tena wanazuoni wamesema kwamba dharura huondoa dhambi ya aliyekula ili asife, lakini haifuti haki ya mwenye mali, akipata atamlipa. Na dumu la petroli si chakula cha mtoto, wala betri ya lori si dawa ya mgonjwa.

Wala mtu asichukue sheria mkononi mwake. Umati umpigao mporaji hata akafa umetoka katika kosa la mali ukaingia katika kosa la damu. Kazi yetu ni kumkamata na kumfikisha kwa wenye mamlaka, basi.

IFANYWE NINI

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu mambo haya kwa maneno mepesi. Gari la mafuta likianguka, kimbia mbali nalo, uwazuie na wenzako, na polisi waitwe kwa namba 112 na zimamoto kwa 114. Gari jingine likianguka, na hapana hatari ya moto, wa kwanza kutazamwa ni majeruhi. Kisha wazee wa kijiji waizunguke shehena wailinde, mali ihesabiwe na iandikwe mbele ya mashahidi. Na kitu kisichojulikana kilikotoka kikiingia nyumbani, mama aulize kabla hajakipikia, na baba aulize kabla hajakiezekea.

Nchi hii ya Usukuma haikosi mfano. Mwano, yowe la hatari, ukipigwa usiku, kila mwenye nguvu hutoka. Na sungusungu walioanza miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama walikusanyika kwa ajili ya mali ya wenzao iliyoibwa. Hapana aliyeitikia mwano akarudi kwake na ng'ombe wa mwenye kulia, akasifiwa.

Basi methali ya wazee na tuisome upya. Kufaana ni kuwa na manufaa mmoja kwa mwingine. Msiba unapomshukia mwenzetu, ndiyo saa ya kumfaa: kwa kumwokoa, kwa kumlindia mali yake, na kwa kuikabidhi ilivyo kwake au kwa warithi wake. Mwenyezi Mungu atulinde na maafa, na atulinde na tamaa inayokuja nyuma yake. Amin.