Kizuizi Kwenye Daraja la Chania

Watu wa Thika wanaujua Mto Chania kwa maporomoko yake pale Blue Post, hoteli kongwe ambako maharusi huenda kupiga picha. Saa moja jioni ya tarehe 6 Aprili 2020, mto huo uligeuka mpaka wa kulindwa na polisi. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza siku hiyo kwamba Nairobi na viunga vyake vinafungwa kwa siku 21 ili kuzuia kuenea kwa korona, na kwa upande huu wa Kiambu mstari ulikomea daraja la Chania. Ruiru na Thika zikabaki ndani, Murang'a ikabaki nje.

Kwa aliyekaa ofisini na ramani mezani, mto ni mahali pazuri pa kukata. Ni mpaka wa kaunti tayari, na daraja ni rahisi kulilinda. Kwa anayeishi hapo, maji hayo hayakuwahi kumtenga na mtu. Ndizi na mboga za Murang'a huuzwa soko la Thika. Kuna anayelala ng'ambo na kuingia zamu kiwandani upande huu. Mama akishikwa na uchungu wa uzazi katika vijiji vya ng'ambo, hospitali kubwa iliyo karibu naye ni Thika Level 5. Vyakula na mizigo mingine viliruhusiwa kupita. Gunia la viazi, basi, lilikuwa na haki ya wazi darajani. Binadamu ndiye aliyepaswa kujieleza.

Mwanasaikolojia Michael West, aliyechunguza kwa miaka mingi uongozi katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, anasema uongozi wenye huruma una mambo manne: kumsikiliza mtu kwa makini, kuielewa hali yake, kuguswa nayo, kisha kuchukua hatua ya kumsaidia. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Afisa anaweza kumsikiliza msafiri nusu saa nzima, akasikitika naye, kisha akamrudisha alikotoka kwa sababu hana mamlaka ya kufanya lolote. Moyo wake hauna kasoro. Kinachokosekana ni kifungu katika agizo kinachosema nani anaweza kuruhusu, kwa sababu zipi, na baada ya kuona karatasi gani.

Agizo lisilo na mlango rasmi hutobolewa mlango wa uani. Kila Mkenya aliyewahi kusimamishwa barabarani anajua kwamba neno "nisaidie" lina maana mbili. Msafiri akisema "nisaidie, afande", anaomba huruma. Akijibiwa "nawe nisaidie nikusaidie", hapo inaitishwa chai. Wanaodai kwamba amri kali isiyo na msamaha huwatendea watu wote sawa hawajakaa kwenye foleni hiyo wakiwa na mfuko mtupu.

Siku kumi kabla ya daraja kufungwa, nchi ilikuwa imeona sura nyingine ya amri isiyo na huruma. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Jioni hiyo, kabla hata saa yake haijafika, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoa machozi abiria waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni, Mombasa. Siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi. Mnamo 1 Aprili Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa ukatili uliotokea. Radhi ni jambo jema, ila huja nyuma ya tukio. Msomi wa Marekani Tom Tyler, katika kitabu chake cha 1990 kilichotokana na kuwahoji wakazi wa Chicago, alionyesha kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoamini kuwa wanaoisimamia wanawatendea haki, kuliko wanapoogopa adhabu peke yake. Kwa ugonjwa unaotegemea mtu avae barakoa hata pale asipoonekana na askari, utii wa namna hiyo si anasa.

Ruiru inaeleza jambo hili kwa njia ya saa. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huo watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Wengi ni wapangaji wanaorauka kwenda kutafuta riziki Nairobi na kurudi kulala. Kafyu ya saa moja jioni ilimtaka fundi wa mjengo au mwuza duka amalize kazi, apate matatu iliyopunguziwa abiria, apenye msongamano wa Barabara ya Thika, na awe ameshafunga mlango wake kabla ya giza. Mapema Juni 2020 saa ya kuanza kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku. Nyongeza ya saa mbili tu! Hazikuandikwa popote kuwa ni huruma, lakini kwa msafiri wa Ruiru hakuna hotuba iliyozikaribia.

Karantini nayo ilifunza somo lake kwa gharama. Mwanzoni watu waliowekwa katika vituo kama mabweni ya vyuo walitakiwa kulipia malazi yao wenyewe, na waliovunja kafyu wakatishiwa kwamba nao watapelekwa huko. Kituo cha afya kikawa kama jela yenye ankara. Mtu mwenye kikohozi akijua kwamba kupimwa kutamletea deni, hujitibu kwa tangawizi na kunyamaza. Mei 2020 serikali ilikubali kubeba gharama za waliowekwa katika vituo vyake. Hapo huruma na udhibiti wa maradhi vilikuwa kitu kimoja.

Wapo watakaokumbusha kisa cha jeneza, na wana haki. Aprili mwaka huo kundi la wasafiri lilitoka Nairobi hadi Homa Bay kwa kisingizio cha kwenda kuzika. Jeneza lilikuwa tupu, na mmoja wao akapatikana na virusi. Huruma bila uthibitisho huchezewa. Lakini dawa yake ni kukagua kibali cha mazishi vizuri zaidi, kwa sababu waliofiwa kweli ni wengi kuliko wenye majeneza matupu.

Sehemu inayozungumzwa kidogo ni huruma kwa watumishi wenyewe. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona Machakos, alifariki kwa ugonjwa huo huo katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pembeni mwa njia ya kwenda Ruiru. Alikuwa na miezi mitano bila mshahara. Mwezi huo huo wahudumu wa afya waligoma. Na mwishoni mwa Mei 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waliweka chini vifaa vyao kwa mgogoro uliodumu takriban miezi mitano. Wagonjwa wa Thika na Ruiru ndio waliozunguka na rufaa mikononi.

Ibara ya 73 ya Katiba ya 2010 inasema cheo humpa afisa wa serikali jukumu la kuwahudumia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Ili maneno hayo yafike darajani, hayahitaji semina nyingine hotelini. Yanahitaji agizo linalotaja cheo cha anayeruhusu, simu inayopokelewa usiku, kibali kisicho na ada, na daftari la kuandika nani alikataliwa na kwa nini.

Kizuizi cha Chania kiliondolewa alfajiri ya 7 Julai 2020. Mnamo 26 Machi 2021, wimbi la tatu la korona lilipopanda, Kiambu ilifungwa pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru, na mpaka na Murang'a ukarudi pale pale mtoni.