Mafuta ya nazi ya kujipaka: Unyevu hufukuza wateja

Mkulima wa nazi wa Mafia, Tanga au Pemba anayeuza nazi nzima tu humwachia mwingine sehemu ya faida. Mafuta ya kulainisha ngozi yanaweza kutengenezwa nyumbani kwa mbuzi, kifumbu na sufuria.

Nazi zilizokomaa hukunwa, tui likakamuliwa na kuachwa usiku kucha. Tui zito linaloelea juu huenguliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo hadi maji yaishe na mashapo yawe ya kahawia. Mafuta huchujwa kwa kitambaa safi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mafuta yaliyobaki na maji, au yaliyotiwa kwenye chupa isiyokauka, hayachukui muda kuvunda, na mteja aliyeyanunua harudi.

Mnunuzi naye achague mafuta maangavu yanayonukia nazi. Yakiganda kwenye baridi asidhani yamechakachuliwa. Huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi. Ayapake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwani kazi yake ni kuzuia maji ya ngozi yasipotee. Muuzaji anayemweleza mteja hayo hujenga imani, nayo ndiyo mtaji.