Kichwa Kisichosikia Dawa

Mvuvi wa Ukerewe akiumwa kichwa, dhana ya kwanza ni malaria. Ataingia duka la dawa muhimu pale Nansio, anunue dawa ya mseto ya malaria, ameze siku tatu. Kichwa kikiingia wiki ya pili, shingo imekaza na macho yanaona viwiliviwili, mseto haumsaidii tena. Kama anaishi na VVU na kinga zimeshuka sana, mshukiwa wa kwanza ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi.

Fangasi huyu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta na vumbi bila habari, na kinga ya mwili humbana mapafuni. Haambukizwi kwa kuishi na mgonjwa. Kumtengea sahani ni kumwonea tu. Seli za kinga ziitwazo CD4 zikiwa chini ya 200, na zaidi chini ya 100, ndipo fangasi anapopata mwanya wa kufika kwenye ubongo.

Mara nyingi huacha alama kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma, na kijiti cha kupimia hutoa jibu kwa dakika 10. Kijiti kikionyesha yupo, ugumu huanza kwenye sindano ya kutoa maji ya mgongo. Ndugu wanakumbuka fulani aliyetolewa maji ya mgongo akafa, basi sindano ndiyo iliyomuua. Aliyemuua ni fangasi, na kuchelewa. Presha hupanda ndani ya fuvu, na kutoa mililita 20 hivi za maji ya mgongo huweza kumpa mgonjwa nafuu siku ileile. Tone la maji hayo likichanganywa na wino mweusi, hadubini huonyesha viduara vyeupe kwenye giza, kila kimoja kimezungukwa na ukingo mpana unaong'aa: ni gamba la ute ambalo wino haulipenyi.

Baada ya hapo familia hutaka ARV zianze leo. Hapana. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya walioanzishwa ARV ndani ya wiki mbili, asilimia 45 walikuwa wamefariki kufikia miezi sita. Waliosubiri wiki tano hivi, asilimia 30. Fangasi hushushwa kwanza kwa amfoterisini na flukonazo, na ARV hufuata baada ya wiki nne hadi sita.