Friji Inayofunguliwa kwa Ndala

Ukienda kupanga chumba Mbagala au Tandika, mama mwenye nyumba atakuonyesha choo, atakuonyesha bomba, na huenda akamalizia hivi: "Hiyo friji ya ukumbini usiifungue peku, baba. Vaa ndala, inapiga shoti." Wapangaji wenzako wanajua, hata watoto wanajua. Ndala yenyewe imewekwa palepale sakafuni, haina mwenyewe, na maisha yanaendelea.

Mimi ni fundi umeme, na hakuna kinachonitisha kama nyumba iliyokwisha kuzoea shoti. Waya uliochubuka watu wanauogopa. Friji inayowasha vidole kidogo tu wanasema ndivyo ilivyo. Hapana, sivyo ilivyo. Umeme unavuja ndani yake, na nyumba haina erthi, au erthi imekatika mahali.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Unaingia kwa waya wa moto, unafanya kazi, unarudi kwa nyutro. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano, siku za kawaida hauna kazi yoyote. Unaanzia kwenye bodi la chuma la friji au pasi na kuishia kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Siku waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi, umeme unaovuja hushuka ardhini kupitia huo. Usipokuwepo, umeme unabaki kwenye bodi ukisubiri njia nyingine. Ukiligusa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji, njia ni wewe.

Ndala ni mpira, kwa hiyo inazuia, lakini ni mpaka itakapolowa, au mpaka siku utakaposhika friji kwa mkono mmoja na bomba kwa mkono mwingine. Hapo umeme unapita kifuani. Miliampia 30 tu zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ngozi iliyolowa inazipitisha kirahisi. Fyuzi ya kwenye plagi, ambayo wengi wanadhani ndiyo mlinzi wao, mara nyingi ni ya ampia 13, zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Fyuzi inalinda waya usiungue. Wewe haikujui.

Kwa nini basi erthi inakosekana? Kwa sababu bila hiyo taa zinawaka, friji inagandisha, na mwenye nyumba haoni pengo. Fundi wa bei poa anairuka. Pengine iliwekwa, ila waya wa shaba ukang'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na mara nyingine tunaikata wenyewe. Tazama plagi ya miguu mitatu: mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake. Umefanywa hivyo makusudi, ili erthi iwe ya kwanza kuungana na ya mwisho kuachana. Nimekuta umekatwa kwa msumeno ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Nimekuta pia kalamu imetumbukizwa kwenye tundu la juu la soketi ili kufungua vizibo vya ndani na kuchomeka chaja. Kalamu ikiwa ya plastiki umepona. Mtoto aliyekuwa akikuangalia kesho atatumia msumari, na huenda asichague tundu la juu.

Kama kuna kitu nyumbani kinakupiga shoti, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi kwa mkono mkavu, na usikitumie tena mpaka kipimwe. Ikitokea mtu amenaswa, usimshike. Kimbilia mein swichi uzime. Ikiwa mbali, simama pakavu umsukume kwa ubao au fimbo kavu ya mti. Akishanasuka mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, maana moyo unaweza kuyumba baadaye.

Halafu tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Aipime erthi kwa mita, asiitazame tu kwa macho, kwa sababu fimbo iliyo kwenye udongo mkavu inaweza kuwepo na isifanye kazi. Akufungie na RCD ya miliampia 30, ambayo umeme ukivuja hukata kabla hujaweza hata kuondoa mkono. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara, na kisipokata umeme, iondolewe iwekwe nyingine. Kazi ikiisha, kabla hujalipa, mwambie: nionyeshe fimbo ya erthi ilipo na waya unaoingia kwake. Akikujibu kwamba nyumba kama yako haihitaji erthi, tafuta fundi mwingine.