Vipimo vya Kawaida vya Damu na Ubashiri wa Hali ya Mgonjwa wa Kiharusi: Tatizo la Viwango vya Kuazima

Makala haya yanajadili matumizi ya vipimo vya kawaida vya damu katika kubashiri hali ya mgonjwa baada ya kiharusi kinachotokana na kuziba kwa mshipa wa ubongo. Hoja yake ni kwamba kiwango kinachotenganisha hatari kubwa na ndogo hakifai kuazimwa kutoka nchi nyingine kabla ya kupimwa upya miongoni mwa watu wetu.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa Richard Walker na wenzake, uliofanyika kati ya 2003 na 2006, ulibaini kwa mwaka takribani wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Kwa familia ya mkulima wa mpunga wa Madibira, wilayani Mbarali, ubashiri una uzito wa pekee, kwani ndio unaoweza kuamua iwapo itatafuta nauli ya kumpeleka mgonjwa Mbeya.

Kipimo kinachovutia zaidi ni uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, unaopatikana katika picha kamili ya damu bila gharama ya ziada. Ubongo unapokosa damu, nyutrofili huongezeka ndani ya saa chache, ilhali kotisoli inayotolewa kwa mshtuko wa mwili hupunguza limfosaiti. Uwiano mkubwa huambatana na ulemavu na vifo zaidi.

Hata hivyo, watu wengi wenye asili ya Afrika hawana protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Hali hiyo huwakinga dhidi ya malaria ya Plasmodium vivax, lakini pia huambatana na idadi ndogo ya nyutrofili hata mtu akiwa mzima. Tuchukue mfano wa kufikirika. Wagonjwa wawili wana limfosaiti 2.0 kabla ya kuugua; mmoja ana nyutrofili 4.0, mwingine 2.0. Kiharusi kikizidisha nyutrofili maradufu na kupunguza limfosaiti kwa nusu, uwiano wa wa kwanza utakuwa 8 na wa pili 4. Kwa kikomo cha 5, wa pili atahesabiwa kuwa salama, ingawa uwiano wa wote wawili umepanda mara nne.

Malaria nayo hupunguza limfosaiti na chembe sahani, na mashamba ya umwagiliaji ni mazalia ya mbu. Nimonia, inayowapata wengi wasioweza kumeza vizuri, huongeza nyutrofili. Sukari ya damu ina utata wake: inaweza kupanda kwa mshtuko tu au kwa kisukari kisichojulikana, na kipimo kimoja cha kidoleni hakitofautishi.

Hivyo basi, kila sampuli inapaswa kuandikiwa saa zilizopita tangu dalili kuanza, majibu ya malaria, na iwapo CT imethibitisha kuwa mshipa umeziba, haukupasuka. Bila CT, uwiano hausemi ni kiharusi cha aina gani.