Plamu za Aina Tatu Katika Mti Mmoja

Wewe mkulima wa skimu ya makazi huko Kinangop, Ol Kalou au Molo, je, unao mti wa plamu karibu na nyumba ambao huchanua vizuri kila mwaka lakini matunda yake ni ya kuhesabu kwa vidole? Usiutie shoka. Huenda mti huo si mgonjwa, ila unakosa mwenzake.

Ua la plamu halifanyi tunda bila unga wa maua, ambao huletwa na nyuki. Methley huweza kuzaa kwa unga wake wenyewe. Santa Rosa pia huzaa peke yake, lakini huzaa zaidi ikiwa na jirani. Satsuma hutaka unga wa aina nyingine inayochanua wakati ule ule.

Mashamba mengi yaliyogawanywa tangu mwaka 1962 yamegawanywa tena kwa watoto, na nafasi ya mti wa pili ni haba. Basi mpe mti wako mwenzake katika matawi yake mwenyewe. Kazi hii huitwa kubebesha. Tena utapata faida nyingine: Methley huiva kwanza, kisha Santa Rosa, halafu Satsuma. Plamu zilizoiva haziwekeki siku nyingi. Zikiiva kidogo kidogo, watoto watakula na nyingine utauza bila kuharakishwa na uozo.

Wakati. Fanya kazi hii mti ukiwa umepumzika, majani yamepukutika na macho hayajavimba. Katika sehemu zetu za baridi, mara nyingi ni mwezi wa Julai au Agosti.

Vijiti. Kata vijiti vya mwaka uliopita, vinene kama kalamu ya risasi, kutoka mti wenye afya unaozaa vizuri. Kijiti cha mti mgonjwa huleta ugonjwa wake. Kila kijiti kiwe na macho matatu. Vifunge katika gunia bichi, uviweke kivulini.

Kuunganisha.
1. Kata tawi kwa msumeno, mahali palipo nyoofu, kisha ulipasue katikati kwa kisu safi.
2. Chonga mwisho wa chini wa kijiti pande mbili, uwe kama kabari.
3. Kisukume ndani ya ufa, ukingoni mwa tawi. Ngozi ya kijani iliyo chini ya gamba la kijiti igusane na ile ya tawi. Zisipogusana, kijiti kitakauka.
4. Funga imara kwa ukanda wa plastiki, upake nta kila palipokatwa, hata ncha ya kijiti, maji yasiingie.

Usikate matawi yote mwaka mmoja. Acha mengine yaulishe mti. Wala usijaribu kubebesha tufaha juu ya plamu, kwa maana halitashika.

Utunzaji. Vijiti vikichipua na kushika barabara, legeza ukanda usije ukakaba tawi. Ondoa maua ya mwaka wa kwanza ili kijiti kipate nguvu. Paka kila tawi alama ya rangi yake, kwani mtu asiyejua huweza kupogoa aina nzima kwa siku moja. Aina yenye nguvu hupenda kuzifunika nyingine. Ipunguze kila mwaka, uiachie ile dhaifu upande wenye jua. Machipukizi yatokayo chini ya mahali pa kuunganisha si ya aina uliyobebesha, yaondoe.

Wakati wa maua usinyunyize dawa ya wadudu, maana ukiwaua nyuki umeyaua matunda.

Kama hujawahi kubebesha, mwombe Bwana Shamba akuonyeshe tawi la kwanza, nawe ufanye la pili mbele yake. Anza na matawi mawili tu mwaka huu. Yakishika, mwakani utaongeza aina ya tatu.